Ndimu za Mke Mkubwa

Temeke, 12 Januari 2025

Kwa Bibi Mwamvita, mke wangu wa kwanza na, hadi ninapoandika, wa pekee,

Shikamoo. Ninaamini barua hii itakukuta barazani kwako Kimbiji ukiwa na afya, na kwamba kikohozi kile cha Desemba kimekwisha kutambua kuwa hakikuwezi. Mimi ni mzima. Baba na Mama walipiga simu kutoka Lindi. Hawajambo wote wawili na wanakuamkia. Mama Benson, mwenye nyumba wangu, naye anakusalimu sana, ila anaendelea kustaajabu kwa nini mjukuu mwenye shahada ya falsafa anaandika kwa kalamu na kumkabidhi karatasi Mbwana, dereva wa gari la mboga. Nimemweleza kwamba hilo ni sharti ulilonipa siku nilipokwenda chuo: maneno ya simu hupita, lakini karatasi unaweza kuilalia chini ya mto. Amesema, "Baba, nyie wawili mnapendana kuliko walio kwenye ndoa." Sikumpinga, jambo ambalo unajua ni nadra kwangu.

Sasa nina swali, na ninaomba ulipokee kama swali la kinadharia tu. Ninataka kutengeneza kitu kitamu cha ndimu, cha baridi, kisichohitaji tanuri, kwa kuwa chumba changu kina jiko la gesi la plate moja na hakina nafasi ya tanuri hata kwa kuazima. Unaponda biskuti, unazichanganya na siagi iliyoyeyuka, unazikandamiza chini ya bakuli la kioo. Juu yake unamimina maziwa yaliyochanganywa na maji ya ndimu. Unaweka kwenye friji, kinaganda. Maelezo hayo yote niliyasoma kwa makini. Jana nikajaribu kwa maziwa ya pakiti. Maziwa yalikatika yakawa mabonge yanayoelea kwenye maji, na Mama Benson akaniuliza kama ninafua au ninapika.

Je, kwa uzoefu wako, kosa liko wapi? Usitafute sababu yoyote nyuma ya swali hili. Hakuna.

Mjukuu wako na mumeo,
Suhaib

*

Kimbiji, 26 Januari 2025

Mume wangu Suhaib,

Marahaba. Mie sijambo, kikohozi kimeondoka chenyewe bila kuaga. Barabara ya huku mashimo yameongezeka, Mbwana anasema sasa haendeshi gari, analibeba. Kuku wangu mweupe ameatamia, kwa hiyo hata ukinialika mjini siji, nakwambia mapema.

Swali lako nimelisoma nikacheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Mwanamume aliyekuwa akichemsha yai mpaka sufuria ikaungua, leo anaponda biskuti kwa nadharia! Haya, jibu lako hili hapa: maziwa na ndimu ni maadui tangu dunia iumbwe. Ukivikutanisha vitagombana, umeona mwenyewe. Na kitu ambacho hakikupita motoni si chakula, ni mchezo wa watoto. Tengeneza kaimati kama watu.

Halafu sasa niambie. Anaitwa nani?

Mkeo,
Mwamvita

*

Temeke, 9 Februari 2025

Kwa Bibi Mwamvita, mwenye macho yanayosoma hata nafasi kati ya mistari,

Shikamoo. Ninafurahi kwamba kikohozi kimeondoka, na ninampongeza kuku mweupe kwa uvumilivu. Huku hatujambo, wanafunzi wangu wa masomo ya ziada wamekaribia mitihani ya majaribio na wameanza kunipenda ghafla.

Kwanza, naomba kupinga hoja yako ya uadui wa maziwa na ndimu. Maziwa mepesi hukatika, hilo ninakubali. Lakini maziwa mazito ya kopo, yale matamu tuliyokuwa tukilamba vidoleni utotoni, hayakatiki: ukali wa ndimu unayakaza, yanakuwa mazito kama uji wa ulezi, bila moto hata kidogo. Nilijaribu Jumapili iliyopita. Kopo moja la maziwa, krimu kidogo, maji ya ndimu, na ganda la kijani lililokwaruzwa juu juu. Mama Benson alinipa nafasi kwenye friji yake, kati ya dagaa na maji ya kunywa, na asubuhi tukakata vipande vikasimama wima. Alikula viwili, akasema, "Kumbe shule inasaidia." Kwa hiyo katika mjadala huu, Bibi, nimeshinda mimi.

Pili, anaitwa Najma.

Ningependa kusimulia kwa utaratibu. Mwezi wa kumi na mbili baba mdogo Nurdin alipeleka barua ya posa nyumbani kwao, Kawe, nami nikamsindikiza. Mama yake, Bi Rukaiya, akataka kuniona. Akatuandalia chai na keki, na katika mazungumzo akasema mwanamume hawezi kutengeneza kitu kitamu kikalika. Wewe ungenyamaza? Mimi nilieleza, kwa heshima zote, kwamba mapishi ni elimu kama elimu nyingine. Mwenye kusoma vizuri na kupima vizuri hawezi kushindwa. Baba mdogo alinikanyaga mguu mara kadhaa. Bi Rukaiya akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, mchumba aliyetangulia alituletea keki ya dukani akaapa kaoka dada yake. Sanduku lake tulilikuta nje ya geti. Wewe siku ya Idd utatuletea kitu ulichotengeneza kwa mkono wako mwenyewe. Jibu la posa litasubiri hadi hapo."

Hivyo ndivyo hali ilivyo. Ndoa yangu imo ndani ya bakuli la kioo.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, ndimu za sokoni hapa ni kavu, na mti wako unajulikana. Unikamulie chupa moja karibu na Idd. La pili, siku hiyo uje tuongozane. Kuku atakuwa ameangua.

Wako,
Suhaib

*

Temeke, 8 Machi 2025

Bibi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mwezi mzima umepita na barua yako haijafika. Mbwana anaapa kwamba hukumpa kitu. Nilimuuliza kama u mgonjwa, akasema alikuona ukimkemea mwuza pweza, na kwa sauti yako ile ile, basi nikatulia kwa upande wa afya. Upande mwingine sijatulia. Kama nimekosea kukutajia jina la Najma kwa ghafla, niambie nijitetee. Kimya siwezi kukipinga kwa hoja.

Suhaib

*

Kimbiji, 18 Machi 2025

Mume wangu,

Marahaba. Sijaumwa. Nilikuwa na shughuli. Paa limevuja upande wa jikoni, mvua za huku zimewahi, na kuku ameangua vifaranga ambao wote wana akili kama za babu yako, wanatawanyika hovyo.

Nimepata habari za mke mwenzangu. Jina zuri. Unajua desturi, sina haja ya kumfundisha mwenye shahada: mjukuu haoi mpaka bibi yake aridhishwe. Mke mkubwa hukaa mlangoni na kanga yake, na bwana harusi hapiti mpaka ambembeleze. Siku hiyo ikifika nitakaa mlangoni, na mimi si mwepesi kubembelezeka.

Ila nikwambie neno moja kisha niliache. Baba yako kabla hajaoa aliniandikia kila mwezi, barua ndefu, mpaka bei za nguo za Lindi nilikuwa nazijua. Akaoa. Sasa ananipigia simu ananiuliza, "Mama u mzima?" na kabla sijajibu anasema salio linaisha. Simlaumu. Mtu akioa kalamu hukauka. Basi.

Siku ya Idd siji. Mguu unanisumbua.

Chupa ya ndimu anayo Mbwana. Nimekamua mwenyewe, nimechuja kwa kitambaa. Itie kwenye friji.

Mwamvita

*

Kimbiji, 24 Machi 2025

Suhaib,

Salamu za juzi zinatosha. Vifaranga wazima.

Ukitengeneza kitu chako, onja. Usipeleke kwa watu kabla ya kuonja. Najua umefunga, lakini hata masheikh wanaruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema. Onja.

Jana nilipika samaki nikamnyunyizia ndimu kama siku zote, mchuzi ukatoka umepooza, hauna chumvi, hauna pilipili, hauna kitu. Nikashangaa. Usiniulize zaidi.

Onja.

Bibi yako

*

Temeke, 27 Machi 2025

Kwa Bibi Mwamvita,

Shikamoo. Chupa nimeipokea salama, na ninakushukuru. Hata rangi yake inavutia. Pole kwa mguu. Ninaona umehama kutoka kwa kuku kwenda kwenye paa, kutoka kwenye paa kwenda kwenye mguu, na ninasubiri kwa hamu kusikia kiungo kitakachofuata. Pole pia kwa mchuzi uliopooza. Nadhani ni saumu, hupunguza makini ya mpishi.

Kuhusu kuonja, naomba tutofautiane kwa upendo. Ruhusa ya masheikh ninaijua, lakini ruhusa si amri. Mtu anayeonja anakiri kwamba hana imani na vipimo vyake. Mimi nimepima mara ya kwanza nikashindwa nikajua sababu, nimepima mara ya pili nikafaulu nikajua sababu. Mara ya tatu haina siri. Nitatengeneza siku ya mwisho ya mfungo mchana, ili kilale kwenye friji usiku kucha. Baada ya futari nitakuwa ninaweza kuonja, ni kweli, lakini kijiko kitaacha shimo juu yake, na Bi Rukaiya atafikiri nimempelekea kiporo.

Kuhusu kalamu yangu, nitakujibu tukionana. Ninakuomba tena uje.

Suhaib

*

Temeke, 3 Aprili 2025

Kwa Bibi Mwamvita, mwenye chupa,

Shikamoo, na Idd Mubarak ijapokuwa imechelewa. Mama Benson anakusalimu. Alikuja kula pilau kwangu na amecheka mpaka leo. Kwa nini amecheka, utaelewa.

Nilitengeneza kama nilivyopanga. Kwa macho, Bibi, lilikuwa jambo la kupigiwa picha: uso mweupe ulionyooka, duara la vipande vya ndimu pembeni, ganda la kijani limenyunyizwa katikati. Nililibeba bakuli mapajani kutoka Temeke hadi Kawe kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Bi Rukaiya alilizunguka akilitazama. Akasema, "Kwa sura, kijana, umefaulu." Nikamwambia sura hutokana na msingi. Baba mdogo Nurdin akaanza kunitafuta mguu.

Mzee Twaha, baba yake Najma, ndiye aliyeanza. Aliweka kijiko mdomoni. Akatazama dari kama mtu anayetafuta feni.

"Baba Najma, vipi?" mkewe akamuuliza.

"Onja mwenyewe, Mama Najma. Mimi nisije nikasingizia."

Akaonja. "Chumvi," akasema. Akachota tena. "Na pilipili." Akalamba kijiko. "Pilipili mbuzi!"

Najma aliingia jikoni akiwa na ncha ya mtandio kinywani, na tulimsikia akicheka hadi vyombo vikagongana. Nami nikachukua kijiko, kwa mara ya kwanza, nikaonja. Bibi, utamu ulitangulia, ukali ukafuata, halafu chumvi ikaingia kama mgeni ambaye hakualikwa, na nyuma yake akaja moto. Machozi yalinitoka mbele ya wakwe.

"Umetengeneza mwenyewe?" Bi Rukaiya akaniuliza.

"Mwenyewe, mama."

"Naamini. Hakuna duka lenye ujasiri wa kuuza hiki." Akafuta midomo. "Ulikionja?"

Hapo nilikuwa na hoja. Ningeweza kutaja chupa. Ningeweza kutaja mwenye chupa, na barua yake ya samaki aliyepooza, ambayo wakati huo ilianza kunijia akilini neno kwa neno. Baba mdogo alinitazama akisubiri hotuba, mguu wake tayari. Nikasema, "Sikuonja, mama. Niliambiwa nionje, nikabisha. Kosa ni langu."

"Na ndimu umezitoa wapi?"

Nikanyamaza. Baba mdogo anasema hajawahi kuniona nikinyamaza tangu nizaliwe.

Ndipo Bi Rukaiya akacheka, Bibi. Kicheko kirefu, cha mtu aliyekuwa akikihifadhi tangu mwezi wa kumi na mbili. "Usijisumbue kumficha," akasema. "Hii ni ndimu ya samaki. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na chupa kama hiyo dirishani Msasani, zama hizo Msasani ni ya wavuvi na hakuna aliyejua bei ya kiwanja. Ndimu, chumvi, pilipili mbuzi zilizotobolewa kwa mwiba. Sijaionja tangu azikwe. Mwenye chupa hii yu hai?"

"Yu hai. Ni bibi yangu, yuko Kimbiji."

"Kakuambia uonje, hukuonja, na bado umemstahi. Basi jibu la posa sikupi wewe, wala Nurdin. Nitampa yeye, mkononi. Mlete."

Mzee Twaha wakati huo alikuwa ameagiza kipande cha samaki changu wa kukaanga, anamchovya ndani ya kitu changu kitamu. Alisema kwa samaki hakina ubaya wowote.

Sikudai, Bibi, wala sikuulizi zaidi, kama ulivyoniagiza. Ninasema tu kwamba kila kitu sasa kiko mikononi mwako. Kama hutakuja, hakuna jibu. Kuku ameangua, paa baba mdogo atatuma fundi, na mguu tutaukodishia kiti cha mbele kwenye gari la Mbwana.

Karatasi iliyokunjwa ndani ya hii si yangu. Ameiandika Najma mbele ya mama yake, baada ya kuniuliza kwa nini hukuja nami nikamweleza ninachokijua. Nimekatazwa kuisoma. Nimeitii amri hiyo, ingawa sikubaliani nayo.

Suhaib

*

Kimbiji, 13 Aprili 2025

Mume wangu,

Marahaba, na Idd Mubarak. Sijambo. Vifaranga wamekua, mmoja amechukuliwa na mwewe, wengine wamepata adabu. Mvua imekata barabara siku tatu ndiyo maana nimechelewa kujibu, safari hii si kwa makusudi.

Kuhusu ile chupa sina la kusema, isipokuwa kwamba chupa zangu zote mbili ni za kijani, zinakaa rafu moja, na mtu akizipanga na mtu mwingine akaja kufagia, Mungu ndiye ajuaye. Barua ya kuonja nilikuandikia. Wewe ukanijibu mambo ya kijiko na shimo. Tuyaache hapo, tusigombane kabla ya harusi.

Na mjadala wa maziwa ya kopo umeshinda. Nimemtuma Mbwana kopo moja, nimetia ndimu, nimesimama naangalia. Yamekaza. Sikuamini macho yangu, nikala lote.

Karatasi ya mke mwenzangu nimeisoma, nimemsomea na jirani. Wewe hukuiona, basi nakuandikia hapa kipande, kwa sababu ni haki yako kujua ulichohukumiwa. Anasema: "Shikamoo mke mkubwa. Nimesikia unahofu kalamu itakauka. Nakuahidi kila mwezi nitamkalisha huyu bwana mezani, hapewi chai mpaka aandike, na chini yake nitaongeza mistari yangu mwenyewe nikusimulie yale atakayoyaficha. Ila ukiwa na ndimu ya samaki, niletee mie chupa, Baba amemaliza."

Mwandiko wake ni mzuri kuliko wako. Unasomeka bila miwani.

Mguu umepona wenyewe. Mwambie Bi Rukaiya naja Jumamosi na gari la Mbwana, barabara ikitaka isitake. Naleta chupa ya Mzee Twaha, nimeifunga kitambaa chekundu shingoni ili wasomi wasichanganyikiwe. Kanga mpya ninayo, na mlangoni nitakaa kama nilivyosema, kwa hiyo andaa maneno matamu, si hoja.

Ndimu zako naja nazo kwenye kapu, nzima, hazijaguswa na kisu. Utakamua wewe, atapima Najma, na nitaonja mimi.

Mkeo mkubwa,
Mwamvita